Sanamu ya Kiroma Niliyoipeleka Kajiado

Mimi, fundi mkuu wa mawe Kitengela kwa kujiteua mwenyewe, niliagizwa na Mama Nashipae: "Tuchongee sanamu ya Roma, mzee mwenye ndevu, akae getini kwetu Kajiado."

Kuuliza maswali ni kazi ya mafundi wadogo. Nilisoma Roma yote ya kale kwa simu, nikachonga jitu lenye ndevu, misuli tele, zabibu kichwani, nguo hakuna. Nikalifunika, nikalipeleka Kajiado.

Getini niliwakuta padre mwenye maji ya baraka na kwaya ikiimba. Kumbe Roma ya Mama Nashipae ni Kanisa Katoliki, na mzee mwenye ndevu ni Mtakatifu Yosefu! Kabla sijafungua mdomo, kitambaa kikavutwa. Wanakwaya wakafunika macho kwa vitabu vya nyimbo.

Mama Nashipae akavua shuka yake, akalifunga jitu kiunoni.

"Fundi," akaniuliza, "huyu Yosefu wako hasikii baridi?"