Pale Peupe Kwenye Ramani

Niliwatuma wasichana watatu na ramani, wakarudi wawili. Walikuwa na tope mpaka magotini, na hakuna aliyetaka kuniangalia usoni.

"Mwenzenu yuko wapi?"

"Alikataa kurudi, mwalimu. Tulifika mahali njia imekuwa tope tupu, tukamwambia turudi. Akasema ramani inaonyesha mbele, basi yeye anakwenda mbele."

Ilikuwa siku ya bamvua. Kwa asiyeijua delta, kuna siku maji ya bahari yanajaa kwa adabu, na kuna siku za bamvua, yakija yanapita mikoko yote na kubisha hodi majumbani mwa watu. Siku hiyo yalishaanza kupanda. Na aliyebaki huko alikuwa mtoto wa vilimani, kusini ya Ikwiriri, amehamia kwetu Maparoni muhula huo huo. Kuogelea hajui hata kwenye beseni.

Msinitolee macho. Nisingemtuma mtoto kwenye mikoko siku ya bamvua, mimi si mwendawazimu. Niliwatuma kisima cha zamani, nyuma ya kijiji, na njia ya kisimani ni kavu mwaka mzima. Nilikwishauliza watu, wakaniambia hivyo hivyo. Sasa hilo tope limetoka wapi?

Somo lilikuwa ramani, kidato cha pili. Nilikuwa nimechoka na watoto wanaoimba kaskazini, kusini, mashariki, magharibi ubaoni, ukiwatoa nje hawajui jua linatua upande gani. Nikaligawa darasa. Wenyeji wachore ramani ya kijiji, yenye ufunguo, skeli na mshale wa kaskazini. Wale wa hosteli, waliotoka Mbuchi na kwingineko, waifuate mpaka kisimani, ambako nilikuwa nimemwomba mlinzi wa shule afunge kitambaa chekundu. Mgeni akifika, ramani ni nzuri. Asipofika, aliyechora arudie.

Mchoraji wa wenyeji alikuwa msichana mwenye mkono mwepesi wa kuchora, anaishi na bibi yake nyumba ya mwisho kabisa, pale njia ya kisimani inapoanzia. Ramani yake ilipendeza, wallahi. Aliweka msikiti, zahanati, maduka, majaruba ya mpunga, hata choo cha shule na mlango wake uliong'oka. Nilimuuliza kitu kimoja tu.

"Hapa njiani pamebaki peupe. Pana nini?"

"Hapana kitu, mwalimu."

Nikamwamini, nikampa vema.

Yule mgeni wa vilimani naye nilikuwa namjua tabia yake. Wenzake walikuwa wakimcheka anavyong'ang'ania ubao wa mtumbwi wakati wa kuvuka, mpaka siku moja nikawafokea, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nyie mgeni kaja, mnamcheka?" Tangu siku hiyo akawa ananiamini mno. Nikisema mstari unyooke, anaufuta na kuuchora upya mpaka karatasi inakonda. Kwa hiyo nilijua hakukataa kurudi kwa ubishi. Alikataa kwa utii.

Nikamwita mchoraji, nikamtandazia mezani nakala ya ramani yake iliyobaki darasani.

"Nionyeshe. Njia ya kisimani ni moja au mbili?"

Akatazama mlangoni.

"Mtoto wa watu yuko kwenye maji! Ni moja au mbili?"

"Ni mbili, mwalimu," akasema, machozi yanamtoka. "Moja inakwenda kisimani, inazunguka. Nyingine inanyooka, ni ya wakata boriti, inaingia kwenye mikoko."

"Inazunguka nini?"

Alikunja ngumi, akaiweka taratibu pale peupe kwenye ramani.

Lahaula! Nikaelewa papo hapo, maana hata sisi wa Mloka, kule nilikozaliwa, tumelelewa hivyo. Kaburi halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea, kidole kinaoza, na ukijisahau unakiuma upesi ili usalimike. Ukilazimika kuonyesha, unaonyesha kwa ngumi. Mwanafunzi wangu aliona kuchora makaburi ni kuyanyooshea kalamu, akaona heri ayaache. Alipoyaacha, njia haikuwa na cha kuzunguka, basi akainyoosha. Mwenyeji yeyote angeisoma ramani ile bila kupotea, kwa sababu mwenyeji haihitaji.

Na mimi je, muhula mzima pale, sikujua makaburi yako wapi? Sikujua. Wanawake wa huko hawaendi mazikoni. Jeneza likitoka, tunalia, linaishia kona ya nyumba ya mwisho, wanaume wanatokomea nalo kichakani, sisi tunarudi kuosha vyombo.

Tulikimbia, mimi mbele na mchoraji nyuma. Kwenye nyumba ya mwisho bibi yake alikuwa uani anakusanya mpunga alioanika.

"Shikamoo bibi, kuna mtoto amepotelea huko nyuma!"

"Marahaba. Huko nyuma wapi?"

Mjukuu wake akaonyesha kwa ngumi. Bibi akaacha kukusanya.

"Huko hatuendi, mwalimu. Ngojeni watoke msikitini, wanaume waende."

"Mpaka watoke, maji yatakuwa wapi?"

Akanitazama. Sikuwa na adabu yoyote iliyobaki, nakiri, na sauti yangu nadhani ilisikika mpaka huko msikitini. Nilimwambia huyo mtoto ana mama yake, amemleta hapa na ndoo na godoro, na mimi ndiye nitakayempigia simu. Bibi alijifunga kanga kiunoni, akapita mbele yetu.

Njia ilipogawanyika nilikuta alama za kandambili kwenye tope, zinaelekea kushoto, moja kwa moja, kama njia ilivyochorwa. Hatua chache mbele maji yalikuwa yameshazifunika. Yalikuwa yanaingia kati ya mizizi ya mikoko bila sauti. Kwetu Mloka tembo akija usiku unamsikia anavunja mahindi, unajua wa kumkimbia. Haya hayavunji kitu. Unageuka, yako magotini.

Nikamwita kwa jina. Nikaita tena. Kichwani namwona mama yake akishuka kivukoni, mimi nimesimama na kitambaa chekundu mkononi. Nikaanza kuingia majini. Bibi akanikamata gauni kwa nyuma.

"Utazama wewe, halafu tutafute wawili! Nyamaza usikilize."

Tukanyamaza. Ndipo ikaja sauti, si kutoka kwenye mikoko. Ilitoka kulia kwetu, nyuma ya kichaka.

"Mwalimu! Niko huku! Huku juu!"

Bibi alisita mbele ya kile kichaka. Mimi sikusita, nilikipasua kwa mikono. Mtoto alikuwa amekaa pembeni ya makaburi, amelowa mpaka kifuani, kandambili imebaki moja, ushungi umemshika shingoni. Ramani ilikuwa kavu. Nilimkumbatia, nikampiga kibao cha begani, nikamkumbatia tena.

"Ulifikaje huku?"

"Maji yalinifungia nyuma, mwalimu. Nikaona mahali mikoko imeisha, kuna nyasi na mrehani. Nikaona na mawe ya vichwani. Nikasema, hawa wamezikwa. Hakuna mtu anayemzika mtu wake mahali maji yanafika."

Akanipa ile karatasi. Pale peupe hapakuwa peupe tena. Alikuwa amechora njia mbili, amechora mstari wa maji, na katikati vijiwe vidogo vidogo, vimepangwa kama vilivyo. Kidole chake cha shahada kilikuwa na alama za meno. Alikiuma kwanza, ndipo akachora.

Nilitaka kuwaambia tuondoke. Nikageuka, nikamwona bibi ameshapita kichaka. Alikuwa amesimama katikati ya makaburi, mikono imeshika kanga, anatazama huku na huku. Vichwani kulikuwa na vibao vya saruji, majina yamechorwa kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi.

"Wewe mtoto," akamwambia yule mgeni, "unajua kusoma vizuri?"

"Ndiyo, bibi."

"Nisomee vibao hivi."

Mtoto akawa anasoma kimoja kimoja, meno yanagongana kwa baridi, na mwenzake aliyeficha makaburi yale akamvisha ushungi wake mkavu. Bibi alisikiliza kila jina, anaitika, "Huyu namjua. Huyu mtoto wa jirani. Endelea." Walipofika kibao cha karibu na mrehani, msichana akasoma, na bibi hakuitika.

Alikaa chini. Akakunja ngumi, akainyoosha mpaka ikagusa saruji, akaiacha hapo.

"Ndiye huyu, mume wangu," akasema. "Miaka yote naambiwa yuko huku nyuma tu. Huku nyuma tu."

Maji yalikuwa bado yanapanda kule kwenye mikoko, na sisi watatu tukasimama tukimngoja.