Sauti ya Baba Kwenye Banda la Video

Watu wa rika langu pale Tengeru wakianza kukumbuka enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, hawachelewi kuifikia ile filamu. Mmoja atasema jinsi sabuni za kunukia zilivyorudi madukani, mwingine atataja mitumba, halafu lazima atokee wa tatu: "Na ile ya jamaa aliyekuwa anaruka angani, mnaikumbuka? Palikuwa hapatoshi!" Wote wanacheka. Kisha mmoja anainua kidole, anaipa sauti yake uzito wa kizee, na anasema yale maneno. Mimi hapo huwa nakumbuka ghafla kwamba kuna mtu ananisubiri nyumbani.

Maneno yale yalikuwa ya baba yangu. Niliyaiba mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sekondari nimemaliza, kazi hakuna. Viwanda vya mjini Arusha vilikuwa vinapunguza watu, nani angeniajiri mimi? Aliyenichukua alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, mwenyeji wa Tanga aliyeolewa mjini, ambaye alifungua banda la video karibu na soko letu. Lilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani mabenchi, televisheni moja na deki moja, nje jenereta linanguruma. Kaseti alizifuata Nairobi. Shida ilikuwa lugha. Watazamaji walikuwa wauza ndizi, wachuuzi na wafugaji waliokuja kuuza mbuzi. Wengi wao hata Kiswahili walikuwa wamekikuta shuleni au sokoni, Kiingereza ndiyo usiseme.

"Wewe mwanangu umesoma," mama yule akaniambia, akanishikisha kipaza sauti. "Watafsirie."

Umesoma! Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni, na wale wa kwenye filamu walikuwa wanameza maneno. Nusu nilisikia, nusu nilitunga. Hakuna aliyelalamika.

Ndipo ikaja hiyo filamu. Steringi, yule mhusika mkuu, alikuwa karani mpole wa ofisini ambaye akikasirika anajifunga kitambaa machoni, anaruka juu ya maghorofa na kuinua behewa la treni kwa mkono mmoja. Adui yake hakuwa na misuli wala bunduki. Alikuwa mzee tu, amekaa kwenye kiti, anaongea polepole, na kila akimaliza kuongea mtu anakufa. Siku ya kwanza, yule mzee alipofungua mdomo sikusikia hata neno moja. Jenereta lilikuwa linapiga kelele, watu wamegeuza shingo kunitazama, jasho linanitoka. Nikafungua mdomo wangu, na aliyetoka alikuwa baba.

Nieleze huyu baba alikuwa nani. Kwetu, juu kidogo kwenye mteremko wa Meru, migomba na kahawa na maharage yetu yalikuwa yanaishi kwa mfereji uliochimbwa na mababu. Baba ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji. Alipanga zamu za maji, aliita watu siku ya kusafisha, na majirani wakigombana aliwasimamisha pande mbili na kuwasikiliza mpaka wachoke wenyewe. Hakuwa na mali wala elimu. Alikuwa na mdomo tu. Akisimama kusema, alianza kwa kukohoa mara mbili, akainua kidole, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kimeru ndani yake: "Mimi sina mengi. Nina mawili, na la pili mnalijua." Halafu ananyamaza. Watu wananyamaza naye. La kwanza alilieleza vizuri. La pili hakulitaja kamwe, na kila mtu alirudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba analijua.

Sasa hebu fikiria maneno hayo kwenye mdomo wa muuaji. Kikohozi, kikohozi, kidole juu: "Mimi sina mengi. Nina mawili, na la pili mnalijua." Na mtu anaanguka dirishani! Banda lililipuka. Watu walivunjika mbavu, walipiga mabenchi. Waliotoka sehemu za juu waliitambua sauti mara moja, wakawanong'oneza wenzao, na wenzao wakacheka zaidi. Wiki iliyofuata walikuja na ndugu zao. Watu walifunga safari kutoka Elerai, na siku moja likaja kundi zima kutoka Ngaramtoni, kule upande wa pili wa mji. Mama mwenye banda aliongeza mabenchi, akaongeza maonyesho, akatoboa dirisha la nyuma ili waliokosa nafasi wachungulie kwa nusu bei. Kufikia wiki ya tatu, mzee akikohoa tu kwenye televisheni, banda zima linaitikia: "Na la pili tunalijuaaa!"

Nilipenda. Ngoja niseme ukweli, maana nimeuficha vya kutosha. Nilikuwa kijana asiye na kitu, na sasa nikipita sokoni naitwa kwa kushangiliwa. Kila onyesho niliongeza kitu: namna baba anavyojikuna sikio, namna anavyovuta pumzi kabla ya neno zito. Nilikuwa namtazama nyumbani wakati wa chakula kama mtu anayesomea mtihani. Yeye alijua nafanya kazi bandani, ila alidhani nabadilisha kaseti. Mzee wa kanisa kama yeye asingeingia kwenye video hata kwa mtutu, na huko juu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Mwezi ule ndipo shamba la maua lilipoomba maji. Mwekezaji alikuwa amechukua ardhi juu yetu na alitaka kuweka bomba pale pale mfereji wetu unapoanzia. Bwana mkubwa kutoka wilayani aliitisha mkutano wa Jumatatu, kwenye uwanja wa shule, wananchi watoe hoja. Kaya zote za mfereji zilikaa, zikamchagua msemaji mmoja. Nani mwingine?

"Wakisikia vizuri watatuachia," baba alituambia mezani. "Mtu ukimwelewesha bila kumtukana, anaelewa."

Jumamosi, siku ya soko, nilimfuata mama mwenye banda nikamwomba abadilishe filamu.

"Wee! Niitoe hii, kisha nikauze vitunguu?" alisema. "Una homa?"

Nikaamua basi nitabadilisha sauti. Mzee alipotokea kwenye televisheni nilimpa sauti nyembamba ya puani. Wakaanza: "Aaah! Siyo yeye huyo! Turudishie mzee wetu!" Maganda ya karanga yakanipiga kichwani. Mama mwenye banda alichungulia mlangoni, akanikata jicho. Ningeweza kuweka kipaza sauti chini nikaondoka. Nilikohoa mara mbili. Nikainua kidole.

Jumatatu asubuhi uwanja ulijaa. Bwana mkubwa alikaa mezani, pembeni yake mtu wa shamba la maua na buti zake safi. Baba alivaa koti la ibada. Vijana wengi walikuwa wamesimama nyuma, wale wale wangu wa bandani, na mimi nikajibanza katikati yao. Alipoitwa alisimama taratibu na kuwasalimia wageni. Akakohoa. Akakohoa tena.

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mimi sina mengi," alisema baba, kidole juu. "Nina mawili..."

"Na la pili tunalijuaaa!"

Walicheka vijana, wakacheka akina mama, wakacheka hata watu ambao mashamba yao yangekauka. Sidhani walikusudia ubaya. Kicheko kiliwatoka tu, nilikuwa nimewazoesha. Baba naye alitabasamu, akidhani wamemfurahia. Akangoja. Akaanza upya tangu kwenye kikohozi, maana hakujua njia nyingine ya kuanza, na safari hii hata mtu wa maua alicheka, bila kujua anacheka nini. Baba alitazama koti lake, akapapasa vifungo. Akatazama nyuma, macho yakazunguka mpaka yakanikuta. Nikainama. Akakaa chini.

"Kama hakuna hoja, tuendelee," alisema bwana mkubwa.

Bomba liliwekwa. Mwanzoni tulibakiziwa maji siku tatu kwa wiki, baadaye moja. Migomba ya chini ilianza kukunja majani kabla ya Krismasi. Lakini siyo migomba inayoniamsha usiku.

Jioni ya Jumatatu ile nilimkuta baba amekaa jikoni, koti bado mwilini. Mama alikuwa amekwenda kwa jirani, nadhani kwa makusudi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapa." Alisogeza kigoda. "Wewe umesoma, na huko bandani unashinda na hao vijana. Niambie ukweli. Kiswahili changu kina kasoro gani?"

Nikasogeza kuni motoni.

"Usinionee haya. Nimesema hivyo miaka yote, kumbe nilikuwa nakosea na watu wananistahi tu. Leo wamechoka. Nilikosea wapi?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Yalikuwa maneno machache tu: baba, siyo wewe, ni mimi. Nilikuwa nayo mdomoni. Mdomo uleule uliokuwa unafanya banda zima lipige mabenchi ukakataa kufunguka.

"Siku hizi hawaanzi hivyo, baba," nilisema. "Wanaanza na 'Ndugu wananchi.' Kama redioni."

"Bila kukohoa?"

"Bila kukohoa."

"Na kidole?"

"Kidole uache."

Akaweka mikono juu ya magoti, akanyoosha mgongo kama mtoto wa darasa la kwanza. "Ndugu wananchi," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na akanitazama aone kama amepatia.

"Hapo sawa, baba," nikamwambia. "Rudia."