Sifuri ya Papa

Muuza vipuri yule, mwanamke mwenye miwani ya kamba, alikuwa na kisasi cha miaka minane, na alikitunza vizuri kuliko watu wanavyotunza vyeti vyao vya shule. Usimwone anakutafutia pedi za breki taratibu, ukadhani ni mpole. Thubutu!

Kisa chenyewe kilianzia uwanja wa mbio. Zamani aliolewa na dereva wa mbio za ridhaa, zile za saa nane, ambazo mwashi, mwalimu na muuza rangi hupeleka magari yao makuukuu yakazunguka tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Madereva hupokezana usukani, na gari lenye mizunguko mingi ndilo mshindi. Mume huyo walimwita Kasi. Jina alijipa mwenyewe, msinicheke. Kazi ya mkewe ilikuwa kuhesabu mizunguko na kumnyanyulia kibao ajue amefika wapi.

Mwaka wao wa mwisho, Kasi alishindwa kwa mzunguko mmoja tu. Ukweli ni kwamba aliingia kibandani kwa mafundi akapoteza dakika mbili nzima kumfokea fundi kwa sababu ya kioo cha pembeni. Lakini je, angesema hivyo? Alisimama mbele ya kadamnasi akatangaza, "Mke wangu kanipunja mzunguko! Kanionyesha niko mbele, nikalegeza mguu." Kisha akaichukua karatasi ya mkewe ya hesabu, akaichana vipande vipande.

Kuanzia siku hiyo watu wakamwita Bi Pungufu. Talaka ilifuata baada ya miezi mitatu, mume akaenda zake, jina likabaki. Wateja wakawa wanamtania dukani: "Bi Pungufu, hizo nati nihesabie vizuri, nisije nikafika nyumbani na tatu." Alicheka nao. Moyoni alikuwa anawaka moto.

Basi kila mwaka akawa anakwenda uwanjani na daftari. Anaandika aina ya gari, limeingia kibandani saa ngapi, linaumwa nini, limetoka saa ngapi. Watu wakanong'ona kwamba bado anampenda Kasi. Ampende wapi! Alikuwa anasubiri.

Mwaka huu bahati ikamwangukia. Mwenyekiti wa chama, muuza rangi mmoja mnene, alikuwa anatafuta mtu wa kupanga makato. Mbio hizi zina utaratibu wake: kabla ya kuanza, aina ya gari yenye rekodi nzuri hukatwa mizunguko kadhaa, ili vigari dhaifu navyo vipate matumaini. Aliyekuwa akipanga zamani aliyatazama magari kwa macho tu. Lenye sura ya kukimbia, akalikata. Papa, aina ya gari la Kasi, la milango miwili, limelala chini kama linataka kubusu lami, kila mwaka lilikatwa minne. Na kila mwaka Kasi alishindwa, akasema, "Ni makato tu jamani. Wananionea."

"Kazi hii ni yako," Mwenyekiti alimwambia Bi Pungufu, akacheka chini chini. "Ila usimmalize mwenzio."

Chama kizima kilijua kitakachotokea. Kasi atakatwa kumi. Wengine walisema kumi na tano.

Mwenyewe naye alitamani hiyo kumi na tano, asikudanganye mtu. Jumapili mbili mfululizo alifunika meza ya jikoni kwa madaftari, akachambua aina moja baada ya nyingine. Sabuni, vile vigari vya mviringo vya kwendea sokoni, kwa miaka yote hiyo viliingia mbioni arobaini, vikamaliza thelathini na vitatu. Havikimbii, ila havisimami. Mkate, lile refu la kubebea familia, lilikula matairi lakini lilifika. Papa waliingia thelathini na mmoja, wakamaliza tisa. Saa ya tatu injini inachemka, saa ya tano gasketi inakwenda, na hao tisa waliomaliza walikaa kibandani kuliko barabarani.

Hapo akaweka kalamu chini, akacheka peke yake. Kumkata Kasi? Kumkata ni kumpa cha kusemea mwaka mwingine! Akaandika: Sabuni, sita. Mkate, mitatu. Papa, sifuri. Akapigia sifuri mstari chini, akalala usingizi mzito.

Tangazo lilipobandikwa, Kasi alifika dukani kabla chai haijapoa.

"Wewe mama, unanidhalilisha! Papa kupewa sifuri? Umeniweka fungu moja na magari ya kubebea nyanya!"

"Nimekupunguzia mzigo, baba. Si ulikuwa unalalamika?"

"Watu wananicheka."

"Na mimi walinicheka. Huzoei, lakini hufi."

Kasi akainamia kaunta, sauti ikashuka. "Niwekee hata miwili. Miwili tu. Nani ataumia?"

Mwanaume mzima anaomba akatwe! Bi Pungufu alimwangalia, akasikia utamu ukimshuka hadi magotini. "Hata nusu hupati," alisema. "Mteja anayefuata!"

Siku ya mbio, Bi Pungufu alikaa kwenye mnara wa waamuzi. Chini, kwenye kibanda cha Papa, kibao kilishikwa na mke mpya wa Kasi, mkutubi wa shule, mwanamke wa utaratibu ambaye hata kalamu huzipanga kwa urefu. Papa lilitoka kama limechokozwa. Saa ya tatu lilichemka. Likapoozwa, likatoka, likachemka tena. Sabuni ya walimu wawili wastaafu, ndugu wa tumbo moja, ilikuwa inapita tu, inapita tu, mmoja anaendesha, mwingine anakula karanga.

Saa tisa kengele ikagongwa. Sabuni, baada ya kukatwa sita, mia mbili na kumi na nne. Papa, bila kukatwa hata mmoja, mia mbili na kumi na moja.

Watu wote wakamgeukia Kasi kusikia atasema nini. Akatazama ubao wa makato, ile sifuri ikamtazama. Kisha akanyoosha kidole.

"Ni huyu!" akapayuka, kidole kikimwelekea mkewe. "Kanionyesha niko mbele, nikalegeza mguu!"

Halafu mwalimu mla karanga akauliza kwa sauti, "Na huyu naye?"

Kicheko kilichofuata sijui nikwambieje. Bi Pungufu akashuka mnarani na kipaza sauti, akaichukua karatasi ya mkutubi, akaisoma saa kwa saa mbele ya wote: thelathini na sita, thelathini na tano, ishirini, hadi mwisho. Mia mbili na kumi na moja. "Haukupungua hata mmoja," akasema, akatia sahihi.

Mkutubi hakulia. Alimgeukia mumewe. "Na wa huyu dada, mwaka ule, ulipungua?"

"Mke wangu, hayo ni ya zamani..."

"Jibu. Au leo unarudi nyumbani peke yako."

Kasi akaangalia lami. "Haukupungua," akasema, sauti ya mtu mwenye homa.

Bi Pungufu alifurahi. Alifurahi mpaka akaona aibu kidogo, halafu aibu ikapita. Akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Rudia, baba," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."