Siku Mume Wangu Alipoanza Kubana Umeme

Nyumbani kwetu Mabatini waziri wa umeme nilikuwa mimi. Mume wangu ana moyo mkubwa na mkono usiokumbuka swichi. Angeweza kuacha taa ya choo ikawaka toka Jumatatu hadi Jumapili, kisha akashangaa uniti za luku zimekwenda wapi. Mimi nilipita nyuma yake nikizima. Aliniita bahili, nami nikamjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kinachomchemshia maji ya kuoga.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa kuhusu kompyuta. Nyumba yetu imejibanza chini ya mawe makubwa ya mlimani, na ndani simu haishiki mtandao hata uipandishe juu ya kabati. Ukitaka kupiga au kupigiwa, panda ngazi za mawe mpaka barabarani. Ndiyo maana mume wangu alisimika antena juu ya bomba refu lililopita paa, akashusha waya hadi kwenye modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mezani. Kompyuta ikawa inatugawia intaneti watu watatu: mimi, yeye, na mpangaji wetu wa chumba cha uani, dada anayeuza dagaa sokoni.

Basi mashine ile ilikuwa imewaka kutwa, na mimi roho inaniuma. Mwanzoni niliipanga ilale yenyewe isipoguswa kwa muda mfupi. Sikuwa nimejua kwamba ikilala, modemu nayo inakosa moto, na nyumba nzima inakuwa kiziwi. Siku ya kwanza tu mpangaji alikuja dirishani na sauti yake ya sokoni: "Mama! Mtandao umelala huku!" Na kila ilipolala tena, kabla hata mimi sijajua, yeye alishafika dirishani. Nikajifunza kuipanga vingine. Kioo kizime upesi, mwanga upunguzwe, spika na printa vichomolewe ukutani, lakini mashine yenyewe ikeshe ikitugawia. Kwa mpango huo uniti zilikaa, na mume wangu nikamwonya asiguse kitu.

Kisha mama yangu akaanguka shambani, kule kwetu Bukoba, katikati ya migomba. Walisema ni presha. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa naye hospitali, na kila habari aliileta kwenye kundi la familia, kwenye simu. Mimi nilitaka kwenda, kaka akaniambia ningoje kwanza, mgonjwa anaendelea vizuri. Nikangoja, simu mkononi. Ukoo wetu haujui kunyamaza. Huyu analeta sala, yule anabishana kuhusu daktari, shangazi anauliza jambo lililojibiwa jana. Kelele zile zilinichosha, lakini ndizo zilizonifanya nilale usiku.

Jumamosi moja asubuhi kaka aliandika kwamba mama amekunywa uji nusu kikombe. Nikamshukuru Mungu, nikatoka na beseni kwenda kufua. Niliporudi ndani kutazama simu, hakukuwa na mtandao. Sebuleni nilimkuta mume wangu, ambaye saa hizo alitakiwa kuwa gereji, amesimama mbele ya kompyuta kama mtu aliyekutwa na kitu cha jirani.

"Nimeilaza," alisema. "Tubane umeme kidogo."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia mwanamume yule akitaja kubana umeme.

"Makubwa haya," nikamtania. "Leo umeokoka?"

Hakucheka. Mume wangu hucheka hata matangazo ya sabuni.

Nikasubiri kelele za mpangaji dirishani. Hazikuja. Nikachungulia uani, nikamwona yupo, hakwenda sokoni, na simu imo kwenye mfuko wa gauni lake. Alikuwa anafagia uwanja niliokuwa nimeufagia mwenyewe alfajiri. Viti vyetu vya plastiki vilikuwa vimepangwa kivulini. Alipoona namtazama, akaniamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, akageuka upesi kwenye ufagio wake.

"Njoo ule," mume wangu aliniita. Alikuwa amesonga ugali mwenyewe na kupasha samaki wa jana, sato. "Kula kwanza, mke wangu."

Hilo neno "kwanza" nalijua. Kwetu habari ya msiba haitupwi kwa mtu kama jiwe. Wanaitwa wazee, mfiwa anashibishwa kwanza asije akaanguka, anatafutiwa mahali pa kukaa, ndipo anaambiwa. Na simu yake inawekwa mbali asije akaisoma mwenyewe. Mimi nimeyafanya hayo kwa jirani yangu alipofiwa na mdogo wake: simu yake niliiweka chini ya godoro, nikamkandia chapati, nikazungumza naye habari za bei ya vitenge huku nikiangalia njia. Kwa hiyo siku ile niliijua kila hatua, kama ninavyoijua misa.

Nikala. Nasema wazi kwamba niliogopa, na uoga ule ndio uliokuwa unakata matonge. Kompyuta ikiwa imelala, mama yangu bado alikuwa mtu aliyekunywa uji nusu kikombe. Mume wangu alinitazama nikitafuna, halafu akasema anapanda barabarani mara moja, kuna mtu anampokea.

Alipotoka, nilinawa mikono, nikaenda kwenye kompyuta. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikabonyeza kitufe.

Feni ilianza kuvuma. Taa ya modemu ikawaka nyekundu, ikasita, ikageuka bluu. Simu yangu ikashika mtandao, nami nikaishika kwa mikono miwili kungoja meseji zimiminike kama kawaida. Iliingia moja tu, ya tangazo la duka. Kwenye kundi la familia hakukuwa na kitu. Baada ya ule uji wa asubuhi hakuna aliyekuwa ameandika neno, si sala, si ubishi, si swali la shangazi. Ukoo mzima ulikuwa umehamia mahali pengine kuzungumza, mahali ambapo mimi sikuwepo.

Nikaandika: "Mama anaendeleaje?"

Ujumbe ukaenda. Nikafungua kuona waliosoma. Kaka amesoma. Dada amesoma. Shangazi, ambaye husoma ujumbe kesho yake, naye amesoma. Majina yakazidi kuongezeka, na hakuna aliyejibu. Halafu juu ya kioo nikaona kwamba kaka anaandika. Akaacha. Akaanza tena kuandika, akaacha tena. Niliyatazama maneno yale yakija na kupotea mpaka hayakurudi.

Kwenye ngazi nikasikia viatu. Dirishani nikamwona baba mdogo wa mume wangu, mzee wa Kisesa ambaye haachi ng'ombe wake bila sababu, na nyuma yake mama mwenyekiti wa jumuiya yetu, rozari mkononi. Hasira ilinipanda. Nilitaka kuwapokea mlangoni na kuwaambia najua, rudini mlikotoka, na wewe mume wangu hata uongo wa umeme umekushinda. Kisha nikamwona yeye, wa mwisho, anapangusa uso kwa shati lake mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake, amesonga ugali nao, amekaa mezani nao, akingoja wakubwa wafike wamsaidie kuutua.

Nikailaza kompyuta kama alivyoiacha. Simu nikaiacha pale pembeni yake, nikatoka uani, nikakaa kwenye kiti walichonitengea. Mpangaji aliweka ufagio chini, akaja akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," mzee aliniita mama kwa Kisukuma chake. "Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Mzee akamtazama mume wangu, mume wangu akatikisa kichwa kukubali, ndipo mzee akavua kofia yake na kuiweka magotini.