Tairi za Kwenda Kumzika Ami

Harufu ya mpira mpya siiwezi. Mwezi uliopita niliingia duka la tairi hapa Fort Worth baada ya kusoma maoni ya wateja mpaka macho yakaniuma. Nikavuta pumzi moja, nikatoka mikono mitupu. Huwezi kumweleza muuzaji kwamba bidhaa yake inanuka msiba. Ninyi nawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Euless, kwenye fleti zilizo karibu na uwanja wa ndege, ambako vikombe vilitetema kabatini kila ndege iliposhuka. Baba alikuwa na pikapu ya kubebea samani, ile ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kakake, Ami Salim, alikuwa mgonjwa mahututi huko Missouri City, pembeni ya Houston. Ikatangazwa kwamba barafu ingeanguka katikati ya wiki. Baba akasema hasafiri mpaka gari liwe na tairi za maana. Haraka haraka haina baraka, alisema, na Jumamosi akanichukua tukaenda duka la tairi.

Alichagua kama mtu anayeposa. Aliinama, akabonyeza, akapitisha kidole gumba kwenye mifereji. Muuzaji, kijana mpole, alimwonyesha tairi za baridi: mpira laini, mikato myembamba kama ya wembe. Akashauri afunge zote nne, na aweke mifuko ya mchanga nyuma, kwani pikapu tupu haina uzito wa kushika barabara.

Baba akanigeukia. "Rukia, hizi ni tairi ama soli za ndara?"

"Anasema zinashika barafu, Baba."

"Mimi nimeendesha Kwale masika, matope yamefika milangoni. Nani atanifunza utelezi?"

Akachukua za matope, zenye meno kama ya mamba. Nami nikaziona nzuri ajabu. Tulikuwa hatujui kwamba meno yale hula udongo tu, na kwamba baridi ikiupiga mpira ule, hukakamaa kama ubao.

Alhamisi alfajiri simu ikalia. Alikuwa Faraj, mtoto wa Ami. Babake amefariki. Kwao ilikuwa mvua ya rasharasha tu, na maziko yangekuwa baada ya alasiri. "Tunakungoja, Ami," alimwambia Baba. "Wewe ndiye wa kumpokea." Kwetu ndugu hushuka kaburini, akampokea nduguye kwa mikono yake.

Kwetu Euless lami ilikuwa kioo. Pikapu haikuvuka hata lango la fleti, penye mwinuko mdogo. Magurudumu ya nyuma yalizunguka yakilia, ikateleza kiubavu mpaka ikagota ukingoni. Baba akamwaga chumvi ya jikoni, akatandika zulia, mwishowe akatandika kanzu aliyokusudia kuzikia.

Mama alikuwa kwenye ngazi, blanketi mabegani. "Baba Rukia, rudi ndani."

"Nitafika."

"Utafika na nini?"

Akarudi garini, akafunga mlango. Adhuhuri ilipopita alimpigia Faraj. "Msiningoje. Maiti hacheleweshwi."

Nilipompelekea chai ya tangawizi alikuwa bado garini, simu ameiegemeza kwenye dashibodi. Faraj alikuwa akimwonyesha maziko. Nikaona mwanamume wa msikitini, nisiyemjua, akishuka mahali pa Baba. Baba akanyoosha mikono yote miwili juu ya usukani, viganja vikitazama juu, akaiacha hivyo. Chai ikapoa.

Waliokuja kutupa pole walisikia kwa Baba habari za tairi zaidi ya habari za Ami. Muuzaji hakusisitiza. Jiji halimwagi chumvi. Mpira wa siku hizi ni takataka. Nami nilimwamini, na huenda ndiyo sababu hadi leo siwezi kununua hata kandambili bila kulinganisha aina kumi.

Juzi juzi nilikuwa nikiendesha kwenda Houston, jua linawaka, ndipo nilipong'amua kwamba Jumamosi ile ilikuwa hivi hivi. Tulivaa mikono mifupi. Barabara ilikuwa kavu kutoka mlangoni petu hadi mlangoni pa Ami, na Ami alikuwa hai, akiuliza mdogo wake yuko wapi. Baba alikuwa na Jumamosi hiyo, na Jumapili, na Jumatatu. Aliogopa kumwona kakake amebaki mifupa kitandani, na woga ule akaupa kazi ya kuchagua tairi.

Sijamwambia. Nadhani anajua, ndiyo maana mpaka leo, Ami akitajwa, yeye huanza na muuzaji.