Muhogo Uliorejeshwa

Siasa ya Bi Mashavu haikutoka kitabuni wala mkutanoni. Ilitoka barazani kwa baba yake, Mzee Mabrouk, pale Ng'ambo, alikokuwa akiwapitishia wazee kahawa tangu yungali kigori. Baba akisema chama hiki ndicho chetu, basi kishakuwa chetu, kama pua zetu. Nani wa kuuliza? Baba alikuwa mpole, akimpenda bintiye, na mtoto anayependwa hivyo huamini kila anachoambiwa.

Na Ramadhani za zamani, jamani, zilikuwa Ramadhani! Magharibi ikikaribia uchochoro mzima ulinukia nazi na iliki, sahani zikipishana njiani chini ya makawa yaliyozifunika: tambi zinakwenda, mbaazi zinakuja. Mashavu na Shemsa, jirani wa nyumba ya pili, walikuwa chanda na pete. Hakuna aliyefuturu bila ya kuonja cha mwenziwe. Raha ile, wallahi, haisemeki.

Vikaja vyama vingi. Mume wa Shemsa akaonekana kwenye mkutano wa wale wengine. Jioni yake Shemsa akaleta muhogo wa nazi, kama ada. Mzee Mabrouk, yule yule mpole, akasema, "Chakula cha nyumba ile hakiliwi humu. Mrejeshee."

Na Mashavu, mtu mzima na akili zake, akaurejesha! Hata kawa hakulifunua. Upuuzi gani ule? Lakini miaka ile watu wakisusiana hadi maziko.

Tangu hapo ikawa salamu za mbali tu. Mzee Mabrouk akafa, mume wa Shemsa akafa, wakubwa wa vyama wakapatana, wakakosana, wakapatana tena. Wanawake wale wawili wakabaki vile vile. Mashavu alijituliza kwa neno moja: Shemsa yule ana siasa za damu, hageuki.

Ramadhani hii mjukuu wake, Ilham, ambaye ndiyo kwanza atapiga kura, akamuuliza, "Bibi, kwani sisi kwa nini wa chama hiki?"

Bi Mashavu akafungua kinywa, likamtoka jina la baba yake tu. Akaona haya. Na siku zile zile akasikia kuwa Shemsa anahamia Kiembe Samaki kwa mwanawe, Idi ikishapita. Akiondoka hawajapatana, basi tena. Akapika muhogo, akautia tui zito, akaubeba mwenyewe. Kufika mlangoni akajiuliza: na Shemsa naye akiurejesha je?

"Hodi!"

"Karibu." Shemsa akatoka, akamwona ni nani. Kisha akaipokea sahani, akaifunua, akacheka. "Tui lako bado zito, Mashavu."

"Nisamehe, mwenzangu. Nlijua wewe na mumeo mshaingia kwa wale, na baba naye..."

"Mume wangu ndiye aliyeingia," Shemsa akamkata kauli, bila ya hasira. "Mie nilikuwa wa chama chenu. Nikigombana naye kila siku kwa ajili yenu. Nilitoka chamani kwenu kesho yake, nliporejeshewa muhogo wangu."

Adhana ikalia. Shemsa akampa tende, akamwambia afuturu. Bi Mashavu akaishika ile tende, asiweze kuitia kinywani.