Melita na Melela

Jumamosi ile Leonida alipiga pasi gauni moja mara mbili, akalitundika, akalishusha tena. Nyumba yao ya Turffontein, Afrika Kusini, ni ndogo. Ukianza kuizunguka unarudi ulipotoka kabla hujajua unatafuta nini.

"Mama, kaa chini, eish!" alisema binti yake, Lerato, macho kwenye kompyuta. "Wewe nasimama-simama. Njoo ona hoteli. Iko na bahari mbele."

Jumatatu saa tatu asubuhi walitakiwa kwenda kuweka alama za vidole kwa ajili ya viza ya Malta. Lerato alikuwa ameshaomba likizo benki, siku kumi na mbili, na kununua kofia mbili za jua, yake na ya mama yake.

Kosa lilianzia mezani, mwezi wa pili. Lerato aliuliza, "Mama, ukipewa safari, utaenda wapi?" Leonida, chakula mdomoni, akajibu, "Melela." Melela ni kijijini kwao, Morogoro, ndani kidogo kutoka barabara ya Iringa. Huko ndiko alikoolewa na marehemu Thabo, mkimbizi wa siasa wa Afrika Kusini, akamfuata huku wakati yeye na wenzake waliporudi kwao. Lakini Lerato amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia nusu. Na wiki ile mama alikuwa akisoma Biblia kwa sauti kila jioni, habari za Mtume Paulo kuvunjikiwa na meli kwenye kisiwa cha Melita na kuumwa na nyoka. Msichana akaunganisha, akatafuta kwenye simu, akakuta Melita ndiyo Malta. Alipokuja na picha za maji ya bluu, uso umemng'aa, Leonida akakosa pa kuingizia neno. Akasema tu, "Mungu akubariki, mwanangu."

Tangu siku hiyo hana raha. Hata kanisani, Célestine, Mkongomani auzaye vitenge mjini, anamtania.

"Mama Lerato, uchunge nyoka! Ile ya Paulo iko na batoto kule. Batoto bangu mie, habaninunuliake hata soksi!"

Wanawake hucheka, naye hucheka, huku anaona aibu, maana wote wanamshukuru Mungu kwa safari ambayo yeye anaiombea isiwe.

Jumamosi hiyo, saa kumi, simu ikalia. Alikuwa Suzan, dada yake, kutoka Melela.

"Leo nimemmiminia mgeni chai mezani, kikombe kiko pembeni. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto bado kidogo. Njoo, mdogo wangu, nikuone."

"Nitakuja, dada."

"Unasema hivyo tangu mwaka juzi. Au umezeeka vibaya, hutaki nikuone?"

Leonida alipokata simu, alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, kabla moyo haujarudi nyuma.

"Lerato, mimi sikusema Melita. Nilisema Melela. Kwa mama yako mkubwa."

Lerato akamtazama. "Melela? Miezi mitatu wewe nyamaza?"

"Ulikuwa na furaha."

"Kumbe mimi nafurahi peke yangu!" Machozi yakamlenga. "Kazini wote najua Malta, Mama. Wote!"

Leonida hakujitetea. "Nisamehe. Macho ya Suzan yanapofuka, mwanangu. Nikienda Malta nitatazama yale maji namwona yeye tu, anapapasa kikombe. Nataka anione uso."

Lerato akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba, akalifunga bila kuchota kitu. Alirudi bado amenuna.

"Hiyo Melela iko na uwanja wa ndege?"

"Tutashuka Dar es Salaam. Kisha basi, kisha pikipiki."

"Pikipiki! Wewe, na hiyo magoti?"

"Nitapanda."

Lerato akavuta kompyuta, akafuta miadi ya Jumatatu, akafungua ukurasa wa ndege za Dar es Salaam. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa naona vizuri saa ngapi? Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Basi tufike asubuhi."